Mistari Apimwa Tezi

Kabla mkono haujaanza kumtetemeka, mchora mabango huyu hakuwa na haja ya rula. Alisimama mbele ya ukuta mtupu, akafumba jicho moja, akashusha pumzi, na brashi ikatoka upande huu hadi upande ule ikiacha mstari ambao seremala angeweza kupimia mlango. Ndipo mtaa ukampa jina la Mistari, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki la kuitwa na watu wa benki. Alikuwa mtu wa taratibu, mnene kiasi, mwepesi wa kusamehe, na alijivunia mambo mawili tu hapa duniani: mkono wake, na kwamba hajawahi kuonja pombe, hata ile ya kusukumiwa harusini.

Basi vitu hivyo viwili vikaja kushitakiana.

Ilianzia kwa fundi wa majeneza. Huyo alitaka bango jipya juu ya mlango wa karakana yake, maneno mawili tu, MAJENEZA IMARA, herufi nyeusi juu ya nyeupe. Mistari alipanda ngazi asubuhi, akashuka mchana, na mwenye kazi alipotoka nje kutazama, alirudi nyuma hatua tatu. Kila herufi ilikuwa inatetemeka. Ile M ya mwanzo ilisimama kama imeona kitu, na A zote zilikuwa zimeegemeana.

"Mistari," alisema hatimaye, "wateja wangu wanakuja hapa wamefiwa. Wanataka kutulizwa. Sasa mbona herufi zenyewe zinaogopa?"

"Upepo," alijibu Mistari. Hakukuwa na upepo.

Kilichofuata kilikuwa duka la miwani. Wapita njia walisoma bango lake jipya, wakapangusa macho, wakasoma tena, kisha wakaingia ndani kwa wasiwasi kuuliza bei ya kupimwa. Mwenye duka la miwani alimsifu sana Mistari, na ndiye peke yake aliyemsifu mwaka ule.

Mkono haukuwa peke yake. Mistari alianza kula sahani tatu pale alipokuwa akila moja, na badala ya kunenepa akakonda mpaka suruali ikawa inategemea mkanda na huruma ya Mungu. Jasho lilimtoka akiwa amekaa. Moyo ulimwenda mbio akiwa amelala. Na yeye, mtu wa taratibu, siku moja aliigombeza ngazi. Aliisimamisha ukutani, ikateleza, akaipigia kelele mbele ya watu, akaiambia kwamba amevumilia vya kutosha na kwamba anajua ngazi nyingi nzuri kuliko hiyo. Watoto wa shule walisimama wakasikiliza mpaka mwisho.

Mtaa haukuhitaji maabara. Mikono inatetemeka asubuhi, macho yamemtoka, jasho, kelele, mwili umekwisha: mtu amekuwa mlevi, tena wa kujificha, ambao ndio wabaya zaidi. Wakaanza kumpa pole kwa sauti ile ya kusema pole huku wakinusa.

Aliyenusa kuliko wote alikuwa mkewe. Mama huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mpole mwenye msimamo mmoja usiovunjika. Baba yake mzazi alikufa kwa pombe, baada ya kuinywa nyumba, shamba na akili za mama yake, na siku Mistari alipokuja kumposa, alimwambia neno moja tu: mlevi mmoja katika maisha yangu ametosha. Sasa Mistari akirudi kazini alipokelewa na pua kabla ya pole. Pua haikukuta kitu, na hilo halikumsaidia hata kidogo, kwa sababu mkewe alijua kuna pombe zisizonuka.

"Baba watoto," alimwambia jioni moja, akiwa ameacha kushona, "mimi nimelelewa na mikono inayotetemeka. Baba yangu naye alisema ni uchovu. Nenda hospitali. Ukirudi na jibu lenye jina, nitakaa nalo hata liwe baya namna gani. Ukirudi na uchovu, nawachukua wanangu naenda kwa mama."

Hakupaza sauti. Mistari angeona afadhali angepaza.

Hospitalini alikutana na daktari mwanamke, kijana wa umri wa kuweza kumwita baba, na kweli alimwita baba. Alimwambia anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, na karatasi ikapepea kama vile mtu amewasha feni. Akamtazama macho. Akasimama nyuma yake, akamshika shingo kwa vidole vyepesi, akamwambia ameze mate. Mistari alimeza, ingawa mate yenyewe alikuwa nayo kidogo. Kisha damu ikachukuliwa, akaambiwa arudi baada ya siku chache, na aliporudi daktari alikuwa na majibu yake mezani na uso wa upole.

"Baba," alisema, "tatizo ni tezi."

Hapo ndipo masikio ya Mistari yalipofunga duka. Kwa mwanamume wa umri wake, tezi ni moja tu duniani. Ina jina la pili, dume, na Mistari aliona wazi kwamba binti huyu mwenye malezi mazuri ameliacha jina hilo la pili kwa heshima tu. Habari za tezi hiyo alikuwa nazo zote, kwa sababu jirani yake wa kazini, fundi viatu, alishawahi kupimwa, na tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Alisimulia habari za daktari, za glovu, na za kidole, akiwa amekishika juu kidole chenyewe ili watu wakione, na alikuwa akitia chumvi kidogo kila aliposimulia, hata kidole kile sasa kilikuwa kimefikia ukubwa wa mpini wa nyundo.

Daktari aliendelea kueleza, maskini, kwa utulivu na kwa ufasaha. Tezi inaweza kuwa inatengeneza homoni kupita kiasi, alisema, au inaweza kuwa imeumia tu na inavuja zile ilizokuwa nazo. Damu peke yake haiwezi kutofautisha, na dawa ya hali moja si dawa ya nyingine. Kwa hiyo atameza kidonge chenye iodini yenye mionzi kidogo. Tezi ndiyo inayokula iodini mwilini. Halafu watapima imekula kiasi gani.

Mistari alisikia neno moja: inavuja. Alikumbuka jinsi siku hizi anavyokwenda chooni mara kwa mara. Kijasho chembamba kikamtoka.

"Kipimo chenyewe hakiumi hata kidogo," alisema daktari.

"Ndivyo mnavyosema," alijibu Mistari, akitazama dirishani.

"Na mpaka siku hiyo, karibu wiki mbili, usile chumvi yenye madini joto, maana ndiyo iodini yenyewe, wala samaki wa baharini. Tezi ikishashiba iodini nyingine, hii yetu haitaigusa. Una swali, baba?"

Maswali alikuwa nayo mengi, lakini yalikuwa ya namna isiyoulizika kwa binti mdogo. "Hapana, mwanangu," alisema.

Na ile shingo aliyoshikwa? Hilo alilitafakari njiani akalipatia jibu. Ni adabu tu. Mtoto aliyelelewa vizuri huanzia mbali.

Nyumbani mkewe alikuwa akimsubiri. "Wamesema nini?"

"Nipimwe."

"Upimwe nini?"

"Mambo ya wanaume."

"Yana jina?"

"Yana."

"Litaje."

Mistari alifungua mdomo, akaona watoto wake wawili wanafanya hesabu mezani, akaufunga. Akasema hilo ni la baadaye, kuna masharti: asile madini joto. Mkewe aliingia chumbani, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akaliweka karibu na mlango. Halikuwa na kitu ndani, lakini alikuwa amelifungua.

Hata hivyo alikuwa mwanamke wa haki, na masharti ya hospitali ni masharti. Kesho yake alikwenda dukani, akageuza paketi moja baada ya nyingine mpaka akakuta maneno yale yameandikwa kwenye chumvi, na tangu siku hiyo jikoni hakukuingia chumvi ile. Mistari kwa upande wake aliyaelewa madini joto kwa njia yake. Aliona yanaeleza kila kitu: ndiyo maana anawaka! Akaacha chai ya moto, akaacha maji ya moto ya kuoga, akawa anasubiri kila chakula kipoe kwanza. Kwa hiyo kwa muda wa wiki mbili alikula chakula kisicho na chumvi na kisicho na joto, akiwa na njaa ya watu watatu, na alikuwa na sura ya mtu anayeadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Habari zikamfikia dada yake mkubwa, na hapo ndipo kila kitu kilipoanza kufanyika kwa mbio.

Dada huyu mtaa mzima ulimwita King'ora, kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, asiyejua kukaa. Alikula kuliko mafundi wa ujenzi na haikujulikana chakula kinakwenda wapi. Hata siku za baridi alilala na madirisha wazi. Alishaolewa mara mbili na kurudishwa mara mbili, na waume wote wawili walipoulizwa sababu, walitoa jibu moja bila kukutana: hawakupata hata siku moja ya kupumzika. Ndugu walikuwa wamezoea. Akiingia, mtu aliondoa vyombo vya kuvunjika, akasikiliza, akaitikia ndiyo dada, na baada ya muda alikuwa ameondoka na nyumba imebaki inavuma.

Lakini huyo huyo ndiye aliyemlea Mistari walipofiwa na mama, na akisikia mdogo wake anaumwa hakuna mlango wa kumzuia.

"Wanakupa mionzi?" alisema, hata hajaketi. "Mionzi! Wewe ni simu? Wifi, umemruhusu huyu ameze mionzi?"

"Wifi, mimi hata sijui anaumwa nini," alisema mke wa Mistari. "Labda wewe atakuambia."

"Unaumwa nini?"

"Ya kiume, dada."

King'ora, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiketi, aliketi. Kisha akasema basi, kama ni ya kiume, atamsindikiza mpaka getini na hatauliza, na akauliza mpaka jua lilipozama.

Siku ya kidonge ikafika. Mistari alioga mara mbili, akavaa nguo za ndani mbili, moja juu ya nyingine, kama ngome, akaenda. Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo na safi. Kilikuwa na kiti, mashine yenye mkono mrefu na mdomo mpana kama wa tochi kubwa, na mtu mmoja mnene, mpole, asiye na haraka, ambaye ndiye mpimaji. Mezani kulikuwa na shingo ya plastiki. Shingo tu, haina kichwa wala mabega.

"Huyu alikufa na nini?" aliuliza Mistari.

"Hiyo ni ya kulinganishia," alisema mpimaji. Akakiweka kidonge ndani ya ile shingo, akakipima kwa mashine ili ajue kina nguvu kiasi gani, akakitoa, akampa Mistari na glasi ya maji. Mistari alikitazama. Kilikuwa kidogo kama kidonge chochote cha homa. Alipiga moyo konde, akakimeza, akasubiri kulipuka.

"Tayari," alisema mpimaji. "Rudi alasiri tukupime."

"Leo hakuna kuvua?"

"Kuvua nini?"

"Nauliza tu."

Alasiri alirudi roho ikiwa mkononi. Mpimaji alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afungue kola, akamsogezea ule mdomo wa mashine mbele ya koo, akamwomba atulie. Mistari alitulia. Dakika zilipita kimya. Hakuguswa wala hakuchomwa. Taratibu furaha ikaanza kumpanda: kumbe wazungu wameendelea namna hii! Kumbe wanaichungulia tezi kwa kupitia juu, mtu amevaa suruali yake na heshima yake! Aliwaza jinsi atakavyomwonea huruma fundi viatu, mtu aliyepimwa kizamani. Alikuwa karibu kutabasamu mpimaji alipousogeza mkono wa mashine pembeni, akauteremsha chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Vizuri sana, mzee. Sasa paja."

Mistari hakuuliza paja lipi. Alitoka nduki. Walinzi wa getini walisema baadaye kwamba waliona mtu mwembamba anapita, amefungua kola, ameshika mkanda kwa mikono yote miwili, na nyuma yake hakuna anayemfukuza. Mpimaji alibaki ameshika mkono wa mashine, akitazama kiti kilichokuwa bado kinazunguka. Alishawapima watu wengi na wote walikuwa na hofu ya mionzi. Wa kuogopa paja alikuwa huyu wa kwanza.

Alipofika nyumbani alimkuta King'ora amefunga mapazia yote mchana kweupe.

"Simama hapo katikati," aliamuru. "Geuka. Wifi, unaona anang'aa?"

"Anatoka jasho tu, wifi."

"Hilo si jasho la kawaida. Watoto msimguse baba yenu."

"Nimeulizia hospitali," alisema mkewe. "Wamesema mionzi yenyewe ni kidogo mno, haimdhuru mtu." Kisha akamgeukia mumewe. "Umemaliza kupimwa?"

Mistari alikaa chini. Alitaka kudanganya, akaona hana nguvu. "Nimekimbia," alisema.

"Umekimbia nini?"

Na hapo, pazia likiwa limefungwa, kwa sauti ndogo, baada ya kuwatoa watoto nje, alilitaja lile jina, maneno yote mawili kwa pamoja. Akaeleza kila kitu, pamoja na fundi viatu na kidole. Akaeleza jinsi walivyoanza shingoni kwa ustaarabu, na jinsi walivyokuwa wanateremka.

Kisha mke wake, ambaye hakuwa amecheka tangu bango la majeneza, alianza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka machozi yakamtoka, na King'ora naye akadakia, na kwa muda wale wanawake wawili hawakuwa na msaada wowote kwa mtu yeyote.

"Baba watoto," alisema mkewe alipopata pumzi, "tezi iko shingoni. Hapa! Ile nyingine ni nyingine. Shangazi yangu alikuwa nayo, na shangazi yangu ni mwanamke!"

Mistari alijishika koo. Alimeza mate, akasikia kitu kikipanda na kushuka chini ya vidole vyake, mahali pale pale alipoanzia yule binti mwenye malezi mazuri.

Mkewe aliacha kucheka ghafla. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaficha hilo? Si pombe?"

"Pombe!" alisema Mistari. "Mimi? Wewe hunijui?"

"Nilikujua," alisema mkewe. "Halafu mikono ikaanza." Akajifuta macho, na sasa machozi yalikuwa mengine. "Lakini hayo ni maneno yako tu. Hujapimwa. Baba yangu alikuwa na maneno mazuri kuliko hayo. Kesho utarudi, na mimi nitakuwepo, na nitasikia mwenyewe."

Alikubali shingo upande, na safari hii alijua ni shingo ipi.

Asubuhi wakaenda wote watatu. Kulikuwa na baridi na ukungu, watu wamejikunyata. King'ora alitangulia mbele akipepea uso kwa bahasha, akimwambia kila waliyepishana naye kwamba nchi hii siku hizi ina joto la ajabu. Kwenye mlango wa chumba cha kipimo alizuiwa na mlinzi, kwa kuwa mgonjwa huruhusiwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mke.

Mpimaji hakumlaumu Mistari. Alimweleza tu, kama mtu anayeongea na farasi aliyeshtuka. Mashine hii haitoi kitu, alisema, inapokea tu. Iodini iliyoingia tezini inasomwa shingoni. Lakini nyingine bado inazunguka na damu mwili mzima, na hiyo nayo inapita shingoni. Ndiyo maana wanapima paja, ambako hakuna tezi, wapate kujua ya damu peke yake ni kiasi gani, waitoe kwenye hesabu. "Ungeweza kukaa na suruali yako, mzee. Hata mbili."

Mistari akatazama chini. Bado alikuwa amevaa ngome.

Shingo ikapimwa. Paja likapimwa juu ya suruali, kwa upande, kwa heshima zote, mbele ya mke wa ndoa, ambaye wakati wote huo alikuwa anauma mdomo. Kisha wakakaa kumsubiri daktari, na hapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Mkewe alikuwa amekunja mikono mapajani kama mtu aliyeko mahakamani. Mistari aliwaza: ikiwa mashine haitaona kitu, itakuwaje? Atabaki na mikono hii na hana jina la kuipa. Alijua sanduku bado lipo mlangoni.

Daktari akaja na majibu. "Tezi ya kawaida," alisema, "ukiipa iodini hii, mpaka kesho yake inakuwa imechukua sehemu ndogo, tuseme robo hivi. Yako, baba, imechukua zaidi ya asilimia sabini. Haivuji. Ina uroho. Inatengeneza homoni mchana na usiku kama kiwanda kisicho na msimamizi. Ndiyo sababu ya mikono, jasho, moyo na kukonda. Ndiyo sababu hata ya hasira."

"Zote?" aliuliza mkewe. "Hata ya ngazi?"

"Ngazi gani?"

"Kwa hiyo si kinywaji, daktari? Sema tu kama ni kinywaji."

"Mama, hii hakuna kinywaji kinachoweza kuifanya. Ni ugonjwa, na unatibika. Tutaanza na vidonge, na wiki si nyingi mkono utaanza kutulia."

Mkewe aliinuka, akasimama mbele ya mumewe, akamshika uso kwa mikono miwili, akaweka pua yake kwenye paji la uso wake. Hakuwa ananusa. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, baba watoto." Mistari alilia bila aibu, mbele ya daktari na ile shingo ya plastiki, akajisikia mwepesi kama mtu aliyetolewa kifungoni. Alikuwa na ugonjwa! Ulikuwa na jina, na jina lenyewe lilitamkika mbele ya watoto.

Daktari aliwaacha wamalize. Kisha akachukua kalamu. "Swali moja tu. Ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye familia. Kwenu kuna mwingine wa namna hii? Mwenye joto wakati wengine wanasikia baridi, anakula hanenepi, hatulii, hasira za haraka?"

Mistari alifungua mdomo kusema hapana.

Nje, kwenye korido, sauti ya King'ora ilikuwa imepanda. Alikuwa anamwambia mlinzi kwamba aliyefunga dirisha lile amekusudia kumuua, kwamba hapa hapavutiki pumzi, na mlinzi, mwenye sweta na koti, alikuwa anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kwa unyenyekevu ule ule ambao ndugu wote walikuwa wakiutumia kwa miaka mingi.

Mke wa Mistari alimtazama mumewe, kisha akatazama sakafu.

Mistari alitoka nje. Alimkuta dada yake amelifungua dirisha, amesimama mbele yake, ukungu unamwingilia usoni. Alimtazama kama vile hajawahi kumwona: macho yale makubwa ambayo watoto waliyaogopa, mishipa ya shingo inayopiga haraka haraka, vidole ambavyo havikutulia juu ya ukingo wa dirisha. Waume wawili. Sikukuu zote ambazo ndugu walikutana na hawakumwambia. Na lile jina la King'ora, ambalo hakulitunga mtu wa mtaani. Alilitunga yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka tisa, siku dada yake alipompigia kelele kwa kuchelewa kula, na wakubwa walicheka mpaka likabaki.

"Wamesema nini?" aliuliza dada yake. "Si pombe?"

"Si pombe. Ni ugonjwa." Alisogea dirishani. "Dada, daktari anakuita. Anataka akutazame na wewe."

"Mimi? Kwa kipi?"

"Kwa hili hili. La joto, na moyo, na hasira. Anasema linakuwaga la familia."

King'ora aliuangalia mlango wa chumba, akaiangalia mikono yake, akaiingiza haraka chini ya kwapa kama mtu aliyekutwa nayo.

"Mwambie amekosea, mdogo wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi si mgonjwa. Mimi ni mkali tu. Muulize mtu yeyote."